Wekundu Waliopona

Bungoma,
3 Machi 2025

Mkwe wangu,

Salamu nimezitafuta nikazikosa. Nitakuandikia bila hizo na Mungu atanisamehe, maana nina hasira, na hasira ya mama mkwe haina mahali pa kwenda. Kwa mila yetu sisi Wabukusu siwezi kukaa nawe chumba kimoja. Siwezi kula mbele yako. Mpaka ile sherehe ya kuondoleana haya ifanyike, ambayo watu wa kwenu wanaiahirisha kila Desemba, siwezi hata kukutazama usoni. Simu pia sitaki. Sauti ya mkwe sikioni ni sawa na kukaa naye meza moja. Karatasi haina macho, kwa hiyo Huzaifa wa gari la chakula cha samaki atakuletea hii akirudi Kitale.

Unakumbuka Septemba ulinitumia samaki wa bwawani, ngege wekundu, kwa huyo huyo Huzaifa. Uliandika kikaratasi: "Mama, hawa ni wale waliopona Februari wenzao walipokufa. Nimekuchagulia mashujaa." Nilifurahi mpaka nikalia kidogo. Nani asiyejua kwamba kuku aliyepona kideri ndiye wa kufuga? Mama yangu alifanya hivyo, na nyanya yangu kabla yake. Wengine unachinja, huyo unamweka, ndiye atakayekujazia boma. Nikawaambia watu, mkwe wangu ni mtu wa Cherangany lakini ameelewa namna ya kumheshimu mama wa mke wake.

Wekundu wakazaana vizuri, bwawa likajaa. Krismasi nikawagawia akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti. Kila mmoja nilimpa wachache awachanganye na ngege wake weusi wa zamani. Tuliimba njia nzima, huyu na mtungi kichwani, yule na ndoo.

Sasa sikia. Tangu joto lilipozidi mwezi uliopita, ngege weusi wanakufa. Na hawafi kwa utulivu. Wanazunguka juu ya maji kama mtu aliyepigwa rungu la kichwa, macho yametoka nje, mgongo umepinda, kisha wanaelea. Bwawa la Judy lilikuwa la kwanza, halafu wengine wote niliowapa. Na katika kila bwawa, mkwe, wekundu niliowapeleka mimi wako hai. Wananenepa. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji ameelea tumbo juu.

Judy aliingia kwangu bila hodi. Tumepakana ua kwa ua tangu mume wangu Wakhungu akiwa hai, na siku ya kumzika yeye ndiye aliyenishika mkono. Aliuliza jambo moja tu: "Mama Mary Ann, ulinipa nini?"

Jibu la swali hilo unalo wewe. Nalitaka kutoka kwako, na nataka lije upesi.

Mama wa mke wako,
Peris Wakhungu


Kitale,
8 Machi 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima hata kama wewe umeninyima salamu. Mary Ann na watoto ni wazima. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikasema nipoe kwanza kabla ya kujibu. Sijapoa, lakini Huzaifa anaondoka.

Naanza na hili: wale samaki nilikupa wewe. Sikukupa ugawe. Kazi yangu ni kuzalisha samaki wa kufugwa, na mtu anayetaka samaki wangu wazazi, wale wa kuzalishia, anajua lango langu liko wapi. Mwaka jana Februari, maji yalipopata joto kupita kiasi ndani ya nyumba ya nailoni ninamofugia, nilipoteza karibu wote. Waliobaki niliwaokota kwa mikono hii. Hao ndio wazazi wa kila samaki aliye hapa kwangu leo. Wewe nikakuchagulia walio bora kati ya hao, kwa sababu ni wewe. Halafu nasikia wamebebwa kwa mitungi juani, wanaimbiwa, wakatupwa kwenye vidimbwi vinavyolishwa mavi ya kuku. Si hata mtu angekufa?

Unasema wa zamani wanakufa na wangu wanaishi. Basi umejijibu mwenyewe. Samaki wangu walitoka hapa wazima, na ushahidi ni kwamba mpaka leo wako hai. Mgonjwa hawezi kuua wazima na yeye akinenepa, hiyo haijawahi kuonekana. Kama kuna kitu kinaua huko, kiko huko huko: kwenye maji, kwenye chakula, au kwenye mikono ya watu. Mimi sina hatia na samaki wangu hawana ubaya.

Hata hivyo sitaki kelele. Kuna daktari wa samaki anaitwa Jairus, ana maabara hapo Bungoma mjini. Nimemwomba aje achukue wachache kutoka kwako na kwa Judy, awapasue, awapime. Majibu atanipa mimi kwa vile mimi ndiye niliyemwita. Kuja mwenyewe siwezi na unajua kwa nini. Mila ni yenu, mimi naitii tu.

Mkwe wako,
Kimaiyo


Bungoma,
20 Machi 2025

Mkwe,

Barua yako imeniua. Ngoja nikueleze ilivyoniua.

Niliposoma pale uliposema huna hatia na samaki wako hawana ubaya, nilidhani nimepata wakili. Jumapili baada ya ibada akina mama wakabaki, na Absalom, mzee wa mtaa, akaja kwa sababu maneno yalikuwa yamemfikia. Nikatoa barua yako kwenye mkoba. Nikampa Absalom aisome, yeye ana sauti ya kusomea watu. Mimi nikaketi mbele, shingo juu.

Akasoma. Alipofika kwamba samaki walitoka Kitale wazima na ushahidi ni kwamba wako hai, akasita, akaurudia huo mstari. Kisha Judy akasimama. Akasema polepole kwamba mkwe ni msomi, samaki ni kazi yake, na ameapa samaki hawana ubaya. Basi ubaya uko kwenye mkono uliowaleta.

Neno mchawi hakulisema yeye. Lilisemwa mlangoni tukitoka, na aliyelisema hakujali kama nasikia. Wiki hii wamenitoa uenyekiti. Chakula cha Pasaka mimi ndiye ninayepika tangu kanisa letu likiwa la matope. Mwaka huu nimeambiwa nipumzike, ati umri umeenda. Nikienda kisimani maongezi yanakatika. Mtoto wa Judy, niliyempokea mimi akizaliwa, amefundishwa kuvuka barabara akiniona. Na wewe umekaa na mtoto wa Kibukusu miaka mingi, unajua mjane akiitwa jina hilo kinachofuata ni nini. Ng'ambo ya mto kuna mama alichomewa nyumba kwa jambo dogo kuliko hili.

Absalom, kwa kunihurumia, ameniwekea siku. Jumamosi baada ya Pasaka nitasimama kwenye kaburi la Wakhungu mbele ya watu wote, niape kwamba sikuleta kifo kwenye mabwawa yao. Nikiapa wataniacha. Kiapo cha kaburini hapa hakichezewi. Anayeapa uongo hafikishi mwaka. Wao wanaamini hivyo, na mimi pia naamini, ukitaka ucheke.

Jairus alikuja jana. Ana adabu, hata viatu alivua. Alichukua wekundu wangu, akachukua na weusi wa Judy waliokuwa bado wanazunguka. Amesema haichukui muda. Majibu yakifika kwako, usilale nayo.

Peris Wakhungu


Kitale,
2 Aprili 2025

Mama,

Pole sana. Nasema pole kwa moyo. Lakini ile barua ilikuwa yako peke yako, sikuiandika isomwe kanisani.

Majibu ya Jairus bado. Mambo ya maabara yanaenda polepole, unawajua watu wa ofisi. Yakifika nitakutumia.

Huku mvua imeanza vizuri, watu wamepanda mahindi. Jumamosi tarehe 12 nafungua mauzo ya msimu, vifaranga pamoja na wazazi wekundu, na watu wameshaagiza kutoka Kachibora mpaka Lwakhakha. Mwaka jana sikuuza kitu kwa sababu ya ule msiba wa Februari. Mwaka huu nisipouza, lango nafunga. Kwa hiyo nikichelewa kujibu, ujue ni kazi.

Kuhusu kiapo, mimi naona uape tu. Huna kosa. Sema sikuleta kifo, yaishe, wakuache upumue. Mary Ann anakusalimu sana.

Kimaiyo


Bungoma,
7 Aprili 2025

Kimaiyo,

Nimekuita kwa jina lako. Mama mkwe hataji jina la mkwe, na tangu umwoe mtoto wangu sijawahi kulitia mdomoni. Leo nimelitaja na nitalitaja tena.

Nilienda mwenyewe kwa Jairus. Nikamwuliza ni maabara gani hii inayopika majibu mpaka chungu kinaungua. Akashangaa. Akasema majibu alikupa kwa simu tarehe 27 Machi, akakueleza yote. Halafu ukachukua kalamu ukaniandikia kwamba bado. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi yako ili kifo kiniumbue mimi.

Nikamwambia Jairus anieleze na mimi, na aache Kizungu. Akanivutia kiti. Akasema ndani ya damu ya samaki mna askari, chembe nyeupe, na kazi yao ni kupapasa kila wanachokutana nacho. Cha nyumbani wanakiacha, cha kigeni wanakimeza. Sasa bakteria aliyemkuta kwenye wekundu wako na kwenye weusi pia amejivika koti la sukari, na ni sukari ile ile iliyoko juu ya chembe za samaki mwenyewe. Askari anapapasa, anaona ni ndugu, anapita. Na hata askari mmoja akishtuka akammeza, bakteria hafi. Anakaa humo humo tumboni mwa askari, anaongezeka, na askari anatembea naye mwili mzima mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana wanazunguka, ndiyo maana macho yanatoka. Nikauliza, kwa hivyo mlinzi ndiye anayembeba mwizi? Akasema ndiyo, mama, ndiye gari lake.

Nikauliza habari ya waliopona. Akasema hapo ndipo tulipokosea wote, tuliwapigia samaki hesabu ya kuku. Hawa hawakumshinda adui, walizoeana naye. Amejificha ndani yao kimya, wao wananenepa, na kidogo kidogo wanamwaga ugonjwa majini. Kitale baridi yenu ilimlaza. Huku kwetu joto likamwamsha. Wekundu walikuwa wameshamzoea, hawakuugua. Weusi wa Judy hawakuwahi kumwona maishani, wakafa. Niliposikia hivyo nikakumbuka tulivyoimba njiani na mitungi yetu, nikaona aibu hata kuinuka kwenye kile kiti.

Sasa angalia ulivyonishauri. Ati niape tu. Niape sikuleta kifo? Nilikileta, Kimaiyo, kichwani mwangu, nikiimba. Kabla sijajua ningeapa na ningelala usingizi. Leo najua. Nikiapa, nimedanganya juu ya mifupa ya mume wangu. Nisipoapa, mimi ni mchawi na paa langu litawaka. Jairus alikubali kuja kunisemea, lakini Absalom amekataa, anasema shahidi aliyeletwa na mshtakiwa hana uzito. Na mimi nikisimama nianze kuwaeleza habari za makoti na askari, watasema mchawi amepata maneno mapya.

Ni wewe tu. Watu wanamtaka mwenye samaki. Uje usimame pale useme kwa kinywa chako: samaki walikuwa wagonjwa, mimi ndiye niliyempa, yeye hakujua. Mila niachie mimi. Nitakaa jikoni, nitafunga mlango, utasema utakayosema uende zako.

Na yale mauzo uyafute. Usipoyafuta, Jumamosi nitakuwa langoni pako. Nitakutazama usoni mbele ya wateja wako na nitawaambia wanabeba nini kwenye mifuko. Haya za ukwe atakaa nazo mwenye haya.

Peris Wakhungu


Kitale,
10 Aprili 2025

Mama,

Huzaifa yuko langoni anapiga honi, kwa hiyo naandika haraka, na naandika kwa hasira. Ndiyo, nilijua. Jairus alinipigia nikiwa ndani ya nyumba ya nailoni, wavu mkononi, na wazazi wangu mbele yangu wanaogelea, wazuri, hakuna hata aliyepoteza gamba. Nikajua kwamba nikikwambia wewe leo, kesho nitalazimika kuwaua. Kwa hiyo sikukwambia.

Unanikasirikia mimi. Na mimi nimkasirikie nani? Kila asubuhi nilikagua macho yao, matumbo yao, mapezi yao. Kitu ambacho damu ya samaki yenyewe imeshindwa kukitambua, mimi ningekiona na macho gani? Nimemwomba Jairus dawa. Akasema dawa haitafika alikojificha bakteria, na nikiitia kwenye chakula nitamfundisha tu kuivumilia. Nimeitia. Usiniambie ni ujinga, nimeshajiambia mwenyewe.

Usije Jumamosi. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi, nakukataza. Mama mkwe akisimama langoni kwa mkwe akamtaja jina mbele za watu, mimi hapa Kitale sitainua kichwa tena. Niache niuze mara hii moja. Baridi ya huku itamlaza, si wewe mwenyewe umesema. Baadaye nitawamaliza wazazi polepole, nianze na wengine, na nitakuja tuongee na Absalom pembeni, bila watu.

Kimaiyo


Bungoma,
13 Aprili 2025

Baba Jerono,

Niko kwa mama, na watoto niko nao. Uliporudi ndani hukutukuta, sasa umejua tulipo.

Ulihamisha mauzo yakawa Ijumaa. Uliniambia ni kwa sababu ya mvua. Mimi nikakushikia mifuko, nikawafungia watu samaki kwa mikono yangu, nikawaambia asante karibu tena, na jioni ulikuwa unapiga mluzi. Jumamosi asubuhi mama akafika, amevaa sare yake ya kanisa. Akasimama langoni akaita jina lako, akaita tena, na wewe ukajifungia stoo. Hapakuwa na mteja hata mmoja wa kumsikia. Ikabidi mimi nitoke nimwambie mzazi wangu kwamba samaki waliuzwa jana.

Aliniuliza wameenda wapi. Nikamtajia: Kachibora, Lwakhakha, na wengine sikuwajua hata majina. Akakaa chini kwenye matope na hiyo sare yake. Sikuwahi kumwona mama yangu amekaa chini mbele ya boma la mtu. Na wewe uko ndani unasikiliza.

Yeye alikupa onyo, ukalitumia kumtangulia kwa siku moja. Mimi ulinipa kazi, nikaifanya. Sisi wote wawili tumekubebea ugonjwa wako bila kuambiwa, na ni aibu kwamba samaki ana sababu, hajui alichobeba, na wewe huna.

Usimtume Huzaifa kuja kutuchukua. Kiapo ni tarehe 26, na mama hali wala halali.

Mary Ann


Kitale,
21 Aprili 2025

Mama,

Jana Pasaka nilikuwa peke yangu, simu ikalia. Ni Abdihakim wa Lwakhakha, ana bwawa nyuma ya duka lake, alichukua wekundu wengi siku ile. Hakunisalimu. Alisema samaki wake wa zamani wanazunguka juu ya maji na macho yametoka, na wekundu wangu hawana shida yoyote. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kimaiyo, umenifanyia nini?" Mama yake anataka bwawa lisomewe dua, kwa sababu anasema mkono wangu si mzuri.

Nikaanza kumjibu. Nikajisikia nikisema samaki walitoka hapa wazima na ushahidi ni kwamba wako hai. Nikakwama hapo katikati. Alingoja, kisha akakata simu.

Leo nimefungulia maji yote yatoke. Wazazi waliobaki nimewaua mmoja mmoja kwa mkono, nikawazika kwa chokaa nyuma ya nyumba ya nailoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekonda. Nilikuwa nawatukana wakati nawaua, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakaja kuchungulia uani. Nilitukana na koti lao na askari wao. Nikishika mmoja namwona ni mzuri kuliko yule wa kwanza, na hasira inapanda tena. Hasira ya namna hii sijui mtu anaipeleka wapi, maana hakuna wa kumpiga. Halafu nilikumbuka ule mlango wa stoo nilioufunga, nikajua wa kupigwa yupo.

Nitakuja Jumamosi. Usikae jikoni.

Kimaiyo


Bungoma,
27 Aprili 2025

Kimaiyo,

Ulikuja. Nilikutazama na ulinitazama, wala ardhi haikupasuka. Wazee wa ukoo wanasema nitatozwa mbuzi kwa kukutazama. Nimewaambia waje wamchukue.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Uliposimama kaburini ukasema samaki walikuwa wagonjwa, ni wewe uliyenipa, na ulijua tangu Machi ukaficha, watu walikusikiliza tu wamekunja mikono. Ulipoanza habari za sukari na chembe za damu, niliona wengine wanatafuta kivuli. Kilichowashika ni pale uliposema kwamba Lwakhakha mchawi ni wewe. Mwanamume mzima, mwenye samaki, anashukiwa mkono kwa samaki wale wale. Nyuma mtu alicheka. Judy hakucheka. Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza tangu Machi.

Ulipokwisha kuondoka Absalom akasema yatosha, kiapo hakihitajiki tena, twende nyumbani. Mimi nikakataa. Nikainama nikaweka mkono kwenye udongo wa Wakhungu, nikasema: "Nilileta kifo kwenye mabwawa yenu. Sikujua. Kama nilijua, huyu aliyelala hapa anichukue."

Hapa watu huapa kwamba hawakufanya. Aliyeapa kwamba alifanya hawajawahi kumwona, na Absalom alibaki ameshika kofia hajui aivae au aivue. Watu wakatawanyika wawili wawili. Judy akabaki. Akaniambia wavu wake umetoboka, kwa hiyo atahitaji wangu, na tuanze na bwawa langu kwa sababu wekundu walianzia humo. Leo baada ya ibada tumewatoa wekundu wote. Hajanisamehe. Alivuta upande wake amenuna kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kitu pekee alichosema ni kwamba nimeshika kamba vibaya. Nikaishika anavyotaka yeye.

Sasa wewe. Najua unangoja niseme Mary Ann atarudi lini. Amesema mwenyewe, na mimi namuunga mkono: atarudi siku utakapokuwa umefika kwenye kila bwawa ulilouzia ile Ijumaa, kwa miguu yako, si kwa simu, na wekundu wametolewa ukiwa umesimama hapo. Lwakhakha watakusikiliza kwa sababu wameshaona. Kachibora itakuwa ngumu. Kule ni baridi, samaki wataonekana wazima mwaka mzima, na mtu utakayemwambia aue samaki wanono atakuona umerukwa na akili. Watakutukana, na wengine watakuachia mbwa. Nenda tu.

Na ukifika, usiwaanzie habari za bakteria na koti lake. Mimi nimekuwa mchawi zaidi ya mwezi, na bakteria hakuja kunitetea. Anza na jina lako, halafu uwaambie ulijua tangu lini.

Peris Wakhungu